Nani Katukana? Matusi ya Mtaani Ndani ya Dunia za Kubuni

Chukua filamu yoyote ya kungfu iliyotafsiriwa, katika zile ambazo Kariakoo imekuwa ikiziuza miaka nenda rudi, kwanza kwenye mikanda ya VHS, kisha kwenye sidii, na siku hizi kwenye flashi unayompelekea kijana mwenye kompyuta akuingizie. Mfalme wa China ya kale amekaa kwenye kiti cha enzi. Mbele yake steringi amepigishwa magoti, mikono imefungwa nyuma. Mfalme anafumbua kinywa, midomo inacheza Kichina, na sauti inayotoka kwenye spika ni ya kijana wa Dar es Salaam: "We fala, ulidhani hapa ni kwenu Tandale?" Kibanda umiza kizima kinachoonyesha filamu kinaangua kicheko. Halafu kinanyamaza ghafla, maana panga limeshainuliwa na shingo ya steringi iko chini yake.

Kicheko kile na ukimya ule vimefuatana ndani ya sekunde chache, nami naona mjadala mzima wa matusi katika dunia za kubuni umo hapo katikati. Kama tusi la mtaani lingekuwa linavunja hadithi kwa sababu tu ni la mtaani, watu wasingenyamaza. Wangekuwa wameshatoka China, wamerudi Kariakoo, wanangoja muvi iishe waende zao. Hawakutoka.

Waliolikuza swali hili duniani ni wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, kazi ya Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka mwaka 1974. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja anaisimulia dunia: kuna mlima, kuna pango, ndani ya pango kuna joka. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, askari, mchawi au mwizi, na anaeleza mhusika huyo anafanya nini na anasema nini. Hakuna jukwaa wala mavazi. Kila kitu kinasimama kwa maneno, na ndiyo maana neno moja linaweza kuzua ugomvi. Askari wa ufalme usiokuwapo anapigwa mshale wa bega, anaporomosha tusi lilelile la dereva wa teksi wa Chicago. Wapo wanaosema hapo mchezo umekufa, pango limefutika, wamebaki watu wazima na meza yao. Wapo wanaojibu kwamba mtu mwenye mshale begani hana muda wa kuchagua maneno.

Kwetu mchezo huo wa mezani haujaenea. Lakini kazi yenyewe, ya mtu mmoja kuibeba dunia ya kubuni kwa mdomo wake mbele ya watu wanaomjibu, tunaijua vizuri. Bibi alipoita "Paukwa!" hakuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!"; bila kiitikio hapakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye hadithi. Vibanda umiza vimerithi kitu hicho. Derek Mukandala, ambaye mashabiki walimjua kwa jina la Lufufu, ndiye anayetajwa kama mwasisi wa kazi ya kutafsiri filamu kwa sauti hapa nchini, na wengi waliofuata kazi zake walifuata sauti kwanza, filamu baadaye. Wakenya wana DJ Afro. Waganda wana mavijei wao, na Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, ilisambaa ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akishangilia na kutania, hata ikawa vigumu kuiwaza filamu ile bila yeye. Wajapani nao, enzi za filamu bubu, walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama pembeni ya kiwambo cha sinema wakisema maneno ya wahusika.

Mtafsiri wetu hatafsiri kama tulivyofundishwa shuleni. Anashusha sauti ya filamu, anaingia yeye. Anaeleza nani ni nani na kwa nini wanagombana. Anasema maneno ya mfalme, kisha ya mateka, kisha ya bosi wa majambazi. Anamwonya steringi aangalie nyuma. Anawapa wahusika majina ya mtaani, anachomeka Jangwani na Msimbazi mahali ambapo mwandishi wa filamu aliweka kijiji cha milimani. Halafu anajitoa, muziki unapanda, mapanga yanagongana. Kwa hiyo ana midomo miwili: wa kwake na wa wahusika. Mtazamaji mzoefu anajua muda wote ni upi unaosema, kama vile mchezaji wa mezani anavyojua lini mwenzake anasema kama mchawi na lini anaomba apitishiwe chumvi.

Hoja yangu inaanzia hapo. Tunakosea tunapouliza kama tusi ni la dunia yetu au la dunia ya hadithi. Maneno yote ya mtafsiri ni ya dunia yetu. "Panga" ni neno la Dar es Salaam sawasawa na "fala". La kuuliza ni nani katukana, na katukana nani. Mfalme akimtukana mateka wake, hadithi inaendelea, na mara nyingi inakolea. Mtafsiri akimtukana mtazamaji, au akimpiga mtu wa kweli kwa mgongo wa mfalme, hadithi imesimama, hata kama neno alilotumia ni dogo.

Ukubwa wa tusi, kwanza kabisa, unategemea sikio. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka mwaka 2004, na kwa miaka mingi vijana wa vibanda vya gemu mjini waliicheza huku wahusika wake wakiporomosha matusi mazito ya Kiingereza bila kupumzika. Hakuna aliyeshtuka. Wapo walioyakariri kama kibwagizo cha wimbo. Lakini dogo mmoja akifungwa goli la dakika ya mwisho kwenye gemu ya mpira, akaachia tusi la nguoni kwa Kiswahili, mwenye kibanda anageuka saa hiyo hiyo: "We dogo, hapa kuna watu wazima, nitakutoa." Tusi la lugha uliyojifunza kwenye skrini halina uzito wa tusi la lugha uliyolelewa nayo. La pili umewahi kuchapwa kwa ajili yake.

Kuna mfano wa upande mwingine ninaoupenda sana. Mwaka 1983, katika filamu ya Return of the Jedi, kiumbe wa sayari ya mbali aitwaye Nien Nunb alipewa sauti na Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, naye akazungumza kwa lugha za kwao. Kwa mtazamaji wa London ile ilikuwa lugha ya nyotani, ngeni kabisa, inayosadikika. Kwa Mkenya aliyeielewa, rubani wa chombo cha angani alikuwa anaongea kama mtu wa nyumba ya pili. Hapakuwa na tusi lolote pale. Kilichomgutusha mmoja ndicho kilichomzamisha mwingine, na neno lilikuwa lilelile. Mtu anayedai kwamba tusi la dunia halisi huvunja hadithi kwa kila mtu anasahau kutaja sikio analolisema.

Sasa tuwaendee wanaotaka usafi, maana hoja yao ina nguvu na inaungwa mkono na taasisi. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake kwa Kiswahili cha studio. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Zikafuata nyingine nyingi, na tamthilia za Kituruki zikaingia sebuleni kupitia Azam TV, nazo kwa Kiswahili. Kwa hadithi za nyumbani Kiswahili hicho kinafaa sana. Mama mkwe hahitaji tusi la nguoni. Anaweza kumchoma mkwewe kwa "mwanangu" moja tu iliyowekwa mahali pake.

Shida inaanza upanga unapotoka kwenye ala. Jambazi wa nyikani amemkaba msafiri koo, kisu kinagusa ngozi, na kutoka kinywani mwake tunasikia: "Ewe mtu mbaya, leo nitakuangamiza." Hakuna jambazi wa dunia yoyote, ya kweli au ya kubuni, anayesema hivyo. Sina ugomvi na Kiswahili sanifu. Ndicho ninachoandikia, na kazi ambayo BAKITA imeifanya tangu mwaka 1967 naiheshimu. Ila uliza swali lilelile hapa: nani kasema? Si jambazi. Kasema mhariri, kasema mtu aliyeogopa barua ya malalamiko. Nasikia ofisi, nasikia kiyoyozi, na ile nyika yote na farasi wake imeshapotea. Usafi uliozidi unanitoa kwenye hadithi kama matusi yaliyozidi, na naona ajabu kwamba upande huu wa jambo hausemwi.

Kwa hiyo jambazi atukane. Atukane kwa lipi? Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu tusi zito halisafiri peke yake. Nyuma yake kuna sheria, dini na ukoo. "Mwanaharamu" linahitaji ndoa, walii, mashahidi, na dini inayotenga halali na haramu. Mchawi wa kisiwa ambacho watu wake hawaoani kabisa hawezi kulitamka bila kumleta kadhi pamoja naye. "Mshenzi" lina historia ya pwani na bara ndani yake, ya nani alijiona mstaarabu na nani alihesabiwa mtu wa porini. Mpe neno hilo malkia wa majini wa baharini anayewasema wavuvi, nalo linaweza kukaa vizuri, maana naye anajiona mstaarabu wa ufalme wake. Mpe mvulana mchunga mbuzi asiyewahi kumdharau mtu, linamvaa vibaya.

Waingereza walilipitia jambo hili kwa njia yao. Katika tamthilia za enzi za Shakespeare viapo vikali vilikuwa vya jina la Mungu na vya madonda ya Kristo. Mwaka 1606 Bunge likatunga sheria: mwigizaji atakayelitumia jina la Mungu kwa mzaha jukwaani atatozwa faini ya pauni 10. Walichokiogopa walikipa bei. Leo viapo vile havimstui mtu, na ndiyo sababu mwandishi David Milch, alipotunga Deadwood, tamthilia ya televisheni ya mwaka 2004 hadi 2006 kuhusu mji wa wachimba dhahabu wa Marekani ya miaka ya 1870, aliweka matusi ya kisasa kwa wingi wa kutisha. Wachimba dhahabu wa kweli walikufuru zaidi kuliko walivyotukana nguoni. Angewapa kufuru zao za asili, mtazamaji wa leo angesikia vichekesho vya katuni. Aliyachukua matusi ya mtaani ya leo ili watu wa jana wasikike wakali kama walivyokuwa. Neno lisilo la zama zile ndilo lililozileta zama zile karibu.

Wengine wanatengeneza matusi yao. Tamthilia ya Battlestar Galactica, iliyoanza mwaka 1978 na kurudi 2003, ilikuwa na neno "frak" lililosimama mahali pa tusi kuu la Kiingereza, nalo likashika kwa sababu waigizaji walilitamka kwa hasira kamili bila kulionea haya. Mengi hayashiki. Mtunzi anabuni neno lenye konsonanti tano, analitupia kwenye kinywa cha shujaa, na msomaji anaona aibu kwa niaba ya wote wawili.

Dar es Salaam, hata hivyo, imeonyesha jinsi tusi la kubuni linavyozaliwa likaishi. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936, klabu za mpira zenye makao hapa hapa, moja Jangwani na nyingine Msimbazi, zimejijengea msamiati mzima wa kukashifiana. Vyura. Mikia. Baadaye Utopolo, baadaye Makolo. Mtu mzima, mwenye duka lake na wajukuu, anaitwa "kolo" asubuhi ya Jumatatu mbele ya wateja wake na kweli anaumia, anatafuta jibu, anakesha na hilo jibu. Nje ya mpira neno hilo halina kazi kubwa. Ndani ya mpira lina makali, kwa sababu linamkumbusha mtu kushindwa fulani, mechi fulani, miaka ya kusubiri. Hapo pana somo kwa anayetunga dunia za kubuni kwa Kiswahili. Usianze na sauti ya neno, anza na jambo wanaloliona aibu watu wako. Taifa la mabaharia wanaoamini roho hutulia baharini tu, tusi lao litakuwa "Ufie bara, uzikwe vumbini." Ni maneno ya kila siku, yote tunayajua, na bado mtu wa kisiwa kile akiambiwa hivyo lazima achomoe kisu. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maapizo ya namna hii, na watafsiri wetu wanaugusa kwa ncha ya kidole tu.

Shaaban Robert alichukua njia nyingine. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951 kuhusu nchi inayoning'inia angani, mtu anayesimama kumshtaki mhusika mkuu, Karama, anaitwa Majivuno, na katika Adili na Nduguze ndugu wawili wanaogeuzwa manyani ni Hasidi na Mwivu. Ametukana kwa majina, na hakuna bodi inayoweza kukata herufi moja. Njia hiyo inaishi kwenye hadithi ya mafumbo. Kwenye hadithi ya mbio na mapanga mhusika aitwaye Mwivu anatufikia akiwa ameshahukumiwa, na ladha ya kumgundua inapotea.

Nirudi kwenye swali la pili, katukana nani, maana naliona zito zaidi ya la kwanza.

Watani wa jadi, tunawaita Simba na Yanga, na neno hilo halikuokotwa. Utani wa makabila na wa ukoo ni mchezo wa kuigiza wahusika wenye umri mkubwa kuliko meza yoyote ya Marekani; mtafiti R. E. Moreau alikuwa akiandika juu yake Tanganyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mtani anafika msibani watu wanalia, anajitandaza njiani jeneza lisipite mpaka alipwe. Anamsema marehemu kwamba alikuwa mlafi, mdeni, na kwamba amekufa ili akwepe madeni. Wafiwa wanacheka na machozi yakiwa mashavuni, wanatoa hela. Maneno yaleyale akiyasema jirani asiye mtani, watamtoa kwa ngumi. Kila mtu pale anajua aliyetukana ni utani wenyewe, umepita kwenye mdomo wa mtu fulani, na aliyetukanwa amepokea kwa cheo cha mtani. Mchezo una mlango, na aliyepita mlangoni hakasiriki. Msiba haukuvunjika. Kwa wengi, msiba usio na mtani ndio unaoonekana umepwaya.

Kisha linganisha na mipasho ya taarab. Miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano viligawa jiji hili mapande mawili, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule. Ukiyaandika maneno ya mipasho ile kwenye karatasi, mara nyingi huoni tusi hata moja. Kuna nazi, kuna kuku, kuna mlango, kuna jirani asiyejijua. Lakini mwanamke anainuka kwenda kutuza, noti iko juu, anacheza taratibu, na macho yake yametulia juu ya mwanamke mwingine aliyekaa meza ya tatu. Wimbo ulikuwa hadithi ya mtu asiyekuwapo. Sasa mtu huyo yupo, ana jina na gauni la kijani. Hadithi imevunjwa makusudi, na imevunjwa bila neno chafu. Anayefikiri kulinda dunia ya kubuni ni kufuta maneno machafu na ayatazame haya mawili kwa pamoja: utani wenye maneno makali usiovunja kitu, na mpasho wenye maneno safi unaovunja kila kitu.

Hata sheria ya nchi, kwa namna yake, inaelekea huko. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhusu anayetumia lugha chafu au ya matusi dhidi ya mtu mwingine kwa namna inayoweza kuvunja amani. Lazima awepo mtu, na liwepo la kuvunjika. Wachezaji wa Marekani nao wamefikia hapo kwa vitendo: mwaka 2013 John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X inayokaa katikati ya meza, na mchezaji yeyote akiigusa, jambo lililoletwa linaondolewa bila kuulizwa sababu. Kadi ile haijali kama neno ni la zama za kati au la jana. Inajali aliyekaa kwenye kiti.

Ndiyo maana sitawatetea watafsiri wetu kwa kila kitu. Ninachowalaumu ni uvivu, na uvivu huo una madhara ya aina mbili.

La kwanza ni la sanaa. Mfalme, mateka, mama wa mateka, mtawa wa hekalu na mtoto wa miaka saba wote wanatukana kwa tusi moja na kwa mdundo mmoja. Wahusika kumi wamekuwa kijana mmoja. Nani katukana? Hatujui tena, kwa sababu kila mmoja katukana sawa na mwenzake, na hapo ndipo kweli unaanza kukisikia chumba: benchi linabana, joto limezidi, feni haifiki nyuma. Tusi lililomfaa bosi wa majambazi limemnyang'anya mtawa utawa wake. Mtafsiri bora, na wapo, anamwacha mtawa aongee kwa upole dakika arobaini, ili siku anapotoka na "mshenzi" moja tu kibanda kiruke.

La pili ni kubwa, na hapa sitaki kulainisha. Yapo matusi ambayo anayetukanwa yumo ndani ya chumba hata kama mhusika hamjui. Dunia za kubuni zimejaa watu wa nywele nyeupe na ngozi nyeupe kupita kawaida, wachawi, wafalme wa barafu, wawindaji wa mazimwi. Mtafsiri akimwita mhusika huyo "zeruzeru" kwa kuwa neno limemjia haraka, analitamka katika nchi ambayo kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, nchi ambayo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni mwaka 2009 akilizungumzia jambo hilo. Hakuna mfalme wa barafu anayeweza kulibeba neno hilo. Mwenye ualbino aliyelipia kiti chake kama wengine anakuwa ametolewa kwenye hadithi kwa nguvu, na pengine amelazimika kuangalia mlango. Ndivyo ilivyo pia mwanamke pekee kwenye filamu anapopachikwa jina la kahaba tangu anapotokea, wakati mwandishi alimfanya mganga au jemadari, na wasichana wawili waliokaa benchi la nyuma wanazungukwa na macho. Ndivyo ilivyo kwa kabila linapotajwa ili watu wacheke adui anapokimbia. Mtafsiri atasema ni mzaha. Utani una kiitikio chake, na hao hakuna aliyewaita "Paukwa".

Nimesikia hoja kwamba dawa ni Bodi ya Filamu kuikagua kila sauti. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inaipa mamlaka ya kukagua na kutoa vibali, na madaraja ya umri ni jambo jema ambalo vibanda vingi havilifuati. Lakini tafsiri ya mtaani huzaliwa usiku na asubuhi iko kwenye flashi za watu. Na mkaguzi mwenye orodha ya maneno yaliyokatazwa atamfuta jambazi tusi lake halali na kumpitisha yule anayedhalilisha watu kwa Kiswahili fasaha. Ninaamini zaidi kumpa mtafsiri hadhi ya msanii: jina lake litajwe, alipwe, akosolewe gazetini kama tunavyowakosoa waimbaji. Mtu anayejua kwamba kazi yake itasikilizwa kwa makini hupima mdomo.

Lipo jambo moja dogo la kufanya leo, na halihitaji kibali cha mtu. Vibanda vingi huweka spika moja nje ili kuvuta wateja. Ndani, mfalme anamtukana mateka, na kila aliye ndani anamwona mfalme, anamwona mateka, anajua kisa chao tangu mwanzo. Nje, mama anayekaanga chapati pembeni ya mtaro haoni kitu. Hana mfalme wala mateka. Anasikia sauti ya mwanamume ikitukana nguoni, mbele ya mtoto wake wa shule ya awali aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na hakuna njia yoyote ya kujua kwamba ni mhusika anayesema. Kwake ni tusi tupu, na yeye ndiye aliye karibu nalo. Malalamiko mengi ya mtaani dhidi ya vibanda nayaona yanatoka kwenye spika ile kuliko kwenye filamu. Mwenye kibanda na aiingize ndani, aigeuzie watu waliolipa. Kama anahitaji kuvuta wateja, abandike bango la steringi mlangoni na kuandika kwa chaki jina la mtafsiri.